Kilometa Kumi za Bariadi: Mkimbiaji, Setilaiti na Gurudumu la Baiskeli

Mwaka jana, wakati wa likizo ndefu ya Chuo Kikuu, nilikwenda nyumbani Bariadi kuwaona wazee. Siku ya tatu alinijia mwalimu mmoja wa shule ya sekondari, mtu mpole na mwenye bidii, anayewafunza vijana wa shule yake mbio ndefu bila malipo yoyote. Baada ya salamu, ambazo kwetu Usukumani hazina haraka, alinieleza shida yake. Alikuwa na msichana wa kidato cha tatu aliyekuwa akimaliza kilometa 10 kwa dakika 36 kila Jumamosi. Walimu na wazazi walifurahi. Baba yake alitoa sehemu ya fedha za pamba kulipia nauli, na binti akapelekwa kushindana katika mji mwingine, kwenye njia iliyopimwa na wataalamu. Huko alimaliza kwa dakika 37 na sekunde kadhaa, wala hakupata nafasi aliyoitarajia. Aliporudi, nyumbani alisemwa kuwa alizembea, na shuleni wengine walinong'ona kwamba yule mwalimu alikuwa akiwadanganya watu.

“Daktari,” aliniambia, “mimi sikudanganya. Simu ndiyo iliyonipa kilometa kumi.”

Nilimwomba anionyeshe hiyo simu. Makala haya yametokana na yale tuliyoyaona humo, na na kazi ya siku nne iliyofuata.

Yafaa kwanza tueleze simu yajuaje mahali ilipo. Juu ya dunia, katika kimo cha kilometa 20,200 hivi, huzunguka setilaiti za mfumo wa Marekani uitwao GPS. Ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, na mfumo mzima ukatangazwa kuwa kamili mwaka 1995. Siku hizi Urusi, China na nchi za Umoja wa Ulaya nazo zina mifumo yao ya namna hiyo, na simu nyingi husikiliza zaidi ya mmoja kwa pamoja. Kila setilaiti hutoa mawimbi ya redio yenye ujumbe mfupi: mimi ni fulani, nipo mahali fulani, na saa yangu hivi sasa ni hii. Simu haitumi chochote kwenda huko, husikiliza tu. Hulinganisha saa ya kutumwa na saa ya kupokelewa, na kwa kuwa mawimbi ya redio husafiri kwa mwendo wa nuru, tofauti ya saa huwa umbali. Umbali kutoka setilaiti tatu ungetosha kutambulisha mahali, lakini saa ya simu ni ya rahisi mno, hivyo setilaiti ya nne huhitajika ili kuirekebisha saa hiyo.

Msomaji na atafakari kidogo jinsi wakati unavyokuwa urefu hapa. Katika sehemu moja ya milioni ya sekunde nuru huenda meta 300. Basi saa ikikosea kwa kiasi hicho kidogo, mkimbiaji aliyepo Somanda ataonekana mtaa mwingine. Ndiyo maana setilaiti hubeba saa za atomu. Na hata saa hizo husahihishwa kwa nadharia ya Einstein, maana huko juu, ambako uvutano wa dunia ni dhaifu na mwendo ni mkubwa, saa hutangulia za hapa chini kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kwa siku. Likipuuzwa jambo hilo, kosa la umbali litakuwa kilometa 11 kwa siku moja. Wanafunzi wangu huniuliza mara nyingi nadharia ya Einstein ina faida gani kwa mkulima. Nami huwaonyesha simu zao.

Hata hivyo, mawimbi hayo hupita katika tabaka za hewa zenye chembe za umeme, na katika ukanda wetu wa joto tabaka hizo huvurugika zaidi kuliko za Ulaya, hasa baada ya jua kuchwa. Yakifika chini hugonga mabati, kuta na mawe makubwa, yakairudia simu kwa njia ndefu kuliko ile ya moja kwa moja. Matokeo yake ni kwamba simu nzuri, ikiwa mahali pa wazi, hukosea kwa meta 5 hivi. Simu iliyo mfukoni, chini ya miembe, hukosea zaidi.

Meta tano si kitu kwa mtu anayetafuta zahanati. Kwa mtu anayepima urefu wa njia, ni jambo jingine kabisa. Simu haichori mstari. Huweka nukta, moja baada ya nyingine, kisha huziunganisha na kujumlisha vipande. Tuseme mtu anakwenda moja kwa moja, na nukta zake mbili zapaswa kuwa meta 10 mbali. Nukta ya pili ikitupwa kando kwa meta 3, kipande kitakuwa meta 10 na sentimeta 44. Nukta inayofuata ikitupwa upande wa pili, kipande kitarefuka tena. Kosa la kwenda kulia halifutwi na kosa la kwenda kushoto, kwa sababu yote mawili hurefusha. Mwaka 2016 Peter Ranacher, wa Chuo Kikuu cha Salzburg huko Austria, pamoja na wenzake, walithibitisha kwa hesabu kwamba, kwa wastani, umbali unaojumlishwa kwa nukta za GPS huwa mkubwa kuliko umbali wa kweli. Kinachotuokoa kidogo ni kwamba kosa la sekunde hii hufanana na la sekunde iliyotangulia, hivyo nukta jirani hutupwa pamoja, na vipande haviharibiki kama hesabu yangu ya hapo juu inavyotisha.

Lipo pia kosa la kinyume. Simu inayobana matumizi ya betri huweka nukta moja kila baada ya sekunde kumi au zaidi. Penye kona hukata njia, kama mbuzi anavyokata shamba, na umbali hupungua. Kwa hiyo simu hurefusha njia iliyonyooka na kufupisha njia ya kona, na mwenye simu hawezi kujua ni kosa gani lililoshinda siku hiyo.

Sasa turudi kwa mwalimu. Njia yake aliipima mara moja tu, kwa baiskeli, simu ikiwa mfuko wa suruali. Alianzia uwanja wa shule, akafuata barabara ya vumbi, akakata mbuga kwa njia ya miguu, akarudi kwa barabara nyingine. Na pale simu iliposema kilometa 10 kamili alishuka, akapaka jiwe chokaa. Jiwe hilo ndilo lililokuwa mwisho wa mbio kwa muda wa miezi minane.

Tuliifungua kumbukumbu ya safari ile katika kompyuta yangu, juu ya picha iliyopigwa kutoka angani. Zipo programu kadhaa katika intaneti zinazofanya kazi hiyo bila malipo: hupokea faili la nukta, huuchora mstari juu ya ramani, na humruhusu mtu kuifuta nukta, kuisogeza, kuukata mstari au kuunganisha miwili. Mara moja tuliona mafundo matatu, kama uzi uliochezewa na paka. Nilimuuliza mwalimu alifanya nini mahali pale. Alifikiri, kisha akacheka kwa aibu kidogo. Penye fundo la kwanza alisimama kupisha kundi la ng'ombe. Penye la pili alikutana na mzee wa kijiji, akashuka kwenye baiskeli kumwamkia kama ilivyo desturi, na mzee akauliza habari za nyumbani, za mvua na za bei ya pamba. La tatu lilikuwa penye banda la fundi, alipojaza upepo. Mwili ulisimama, lakini nukta ziliendelea kutangatanga, na simu ikahesabu kila kutangatanga kuwa mwendo. Kwa hiyo heshima ya mwalimu kwa wazee wake ilikuwa imemwongezea meta nyingi za bure.

Tuliyafuta mafundo hayo. Njia ikashuka hadi kilometa 9.78.

Hapo mwalimu alitaka tuishie, kwa kuwa mstari sasa ulionekana safi. Nilimzuia, na ningependa kumzuia na msomaji pia. Kuhariri njia katika kompyuta huondoa makosa yanayoonekana kwa macho. Yale yasiyoonekana, yaani kule kuyumbayumba kwa meta mbili tatu katika njia nzima, hubaki. Programu nyingine hudai kutibu hata hayo: huuvuta mstari uliopinda na kuulaza juu ya barabara iliyomo katika ramani. Tulijaribu. Barabara za vumbi zikalala vizuri. Lakini tulipofika mbugani programu haikuona njia yoyote, maana njia ile ya miguu haikuwamo katika ramani, basi ikampeleka mkimbiaji wetu kwa barabara kuu, mzunguko mrefu asioupita hata siku moja. Kompyuta haikuona aibu yoyote kwa kosa hilo.

Nchi yetu ina historia ndefu ya wageni na vyombo vilivyochora vitu mahali visipo. Mwaka 1875 H. M. Stanley, alipofika Ziwa Victoria akipitia Usukuma, aliuchukua mto wetu wa Simiyu kuwa chanzo cha kusini kabisa cha Mto Naili. Simiyu, mto unaokatika vipande vya vidimbwi wakati wa kiangazi! Heshima hiyo ni ya maji yanayoingia kwa Mto Kagera, ng'ambo ya pili ya Ziwa.

Wala ramani zetu rasmi hazikosi mtego. Nilikuwa na karatasi ya ramani ya zamani ya kipimo cha 1:50,000, na mwalimu akaomba tulitie humo lile jiwe la chokaa kwa latitudo na longitudo zilizotoka katika simu. Tulipima kwa rula, tukaweka alama, na jiwe likaangukia mashambani, karibu meta 300 kusini ya barabara na kidogo mashariki. Katika karatasi ni milimeta sita tu. Simu haikukosea, wala mpima ardhi hakukosea. Ramani zile zimejengwa juu ya kipimo kiitwacho Arc 1960, chenye asili katika kazi ya kupima dunia kando ya longitudo ya 30 Mashariki, kutoka Afrika Kusini hadi Misri, iliyokamilika mwaka 1954. Na umbo la dunia lililotumiwa humo ni lile la Clarke la mwaka 1880. GPS hutumia umbo jingine, ambalo kitovu chake hakilingani na cha lile la kwanza. Ni kama wapimaji wawili wa kitambaa kimoja walioanza kupima sehemu mbili tofauti. Zipo hesabu za kutoka kipimo kimoja hadi kingine, na programu nyingi huzifanya zikiambiwa, zisipoambiwa hunyamaza. Nimewahi kuona mipaka ya mashamba ikigombewa kwa sababu ya ukimya wa namna hiyo.

Kuhusu njia ya mbugani, tiba yake ilikuwa mikononi mwetu. Ipo ramani ya dunia iitwayo OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, ambayo mtu yeyote aliyejiandikisha huweza kuihariri. Katika miaka yake ya mwanzo mchango mkubwa ulikuwa ndizo hizi hizi nukta za GPS za watembea kwa miguu na wapanda baiskeli. Hapa nchini kazi hiyo ilijulikana zaidi kuanzia mwaka 2015, kwa mradi wa Ramani Huria jijini Dar es Salaam, ambako wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa walichora mifereji na njia za maeneo yanayofurika. Tume ya Sayansi na Teknolojia ilikuwa mmoja wa washirika wake. Mwaka huo huo Crowd2Map Tanzania ilianza kuchora vijiji, ikianzia mkoa jirani wa Mara, ili wanaowaokoa wasichana wanaokimbia ukeketaji wapate kuvifikia. Mambo ya ramani, kama msomaji anavyoona, si mchezo wa wakimbiaji pekee.

Vijana watatu wa mwalimu waliitembea njia ya mbugani siku tatu mfululizo, simu wakizishika mkononi na si mfukoni, wala hawakusimama njiani. Mistari tisa tuliyopata haikulala mahali pamoja. Ilitawanyika kama nyuzi za kamba iliyofumuka. Tulichora mmoja katikati yake, tukiusaidia kwa picha ya angani. Nilisisitiza mambo mawili. La kwanza, tusichore lolote ambalo mmoja wetu hakulipita kwa miguu yake, wala tusinakili ramani yenye haki za wenyewe. La pili, tuandike kwamba ni njia ya kiangazi. Udongo mweusi wa mbuga zetu huvimba na kunata mvua ikinyesha, na watu huhamisha njia hadi kwenye mchanga wa mwinuko. Picha ya angani iliyopigwa mwezi wa Agosti haijui habari za Machi.

Baada ya kuchora upya, ramani ilitupa kilometa 9.66 kutoka uwanjani hadi kwenye jiwe. Tukawa na namba tatu: 10.00, 9.78 na 9.66. Ipi ya kuaminiwa?

Wanaopima njia za mashindano duniani hawatumii GPS kuthibitisha urefu. Hutumia baiskeli. Mwaka 1971 Mmarekani Alan Jones na mwanawe Clain walitengeneza kifaa kidogo cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu, na vifaa vya ukoo huo ndivyo vinavyotumika hadi leo. Kanuni ni kwamba njia isipungue urefu uliotangazwa, basi huongezwa sehemu moja katika elfu kuwa tahadhari: meta 42 katika marathoni, meta 10 katika kilometa 10. Tena hupimwa njia fupi kabisa ambayo mkimbiaji angeweza kuipita, sentimeta 30 tu kutoka ukingo wa kona.

Kifaa cha Jones hatukuwa nacho. Baiskeli Usukumani haikosi. Tulipima meta 300 za barabara iliyonyooka kwa tepu ya chuma ya meta 50, tukafunga kitambaa chekundu kwenye spoku ya gurudumu la mbele, na mwalimu akapanda huku vijana wawili wakikimbia kando na kuhesabu kwa sauti. Mizunguko 137; kila mzunguko, meta 2 na sentimeta 19. Tulianza alfajiri kwa makusudi. Jua likipanda, upepo ndani ya tairi hutanuka, gurudumu huwa kubwa kidogo, na hesabu hupungua. Kwa sababu hiyo tulirudia zile meta 300 mwishoni, tukatumia wastani. Tepu nayo hurefuka kwa joto, lakini kwa nyuzi 12 zaidi ya kiwango chake ni sentimeta 4 tu katika meta 300, nasi hatukujisumbua nazo.

Kutoka uwanjani hadi kwenye jiwe la chokaa ilikuwa mizunguko 4,402, yaani meta 9,640.

Mwalimu alikaa chini akafanya hesabu kwenye daftari. Dakika 36 kwa meta 9,640 ni sawa na dakika 37 na sekunde 21 kwa kilometa 10 kamili. Ule ndio muda ambao yule binti aliukimbia kule ugenini, mbele ya watu wasiomjua. Hakuzembea hata sekunde moja. Alikimbia mwendo wake ule ule wa kila Jumamosi, ila jiwe ndilo lililokuwa limekaa mahali pasipo pake.

Wapo watakaosema kwamba meta 360 ni jambo dogo kwa shule ya kijijini. Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akawa Mtanzania wa kwanza kupata ubingwa huo wa riadha. Aliyemfuata, Amanal Petros wa Ujerumani, aliandikiwa muda huo huo. Walitenganishwa na sehemu 3 za mia za sekunde. Kwa mwendo wao wa wastani siku ile, huo ni urefu usiofika hata sentimeta 20.

Limebaki jambo moja ambalo mwalimu hakuwa amelifikiria. Programu aliyokuwa akiitumia ilikuwa ikizitangaza njia zote za vijana wake kwa yeyote anayetaka kuziona. Mwishoni mwa mwaka 2017 kampuni ya Strava ya Marekani ilitoa ramani ya dunia nzima inayong'aa pale watu wanapokimbia, na Januari 2018 ikagundulika kwamba katika nchi zenye vita mistari ile ilionyesha kambi za askari waliokuwa wakifanya mazoezi. Kwetu hakuna kambi, lakini yupo msichana wa miaka kumi na sita anayetoka nyumbani saa 11 alfajiri, siku zile zile, kwa njia ile ile, na mstari wake ulianzia mlangoni kwa baba yake. Jioni ile ile tuliifunga milango hiyo: tulizifanya kumbukumbu zote kuwa za faragha, na katika zile za kuonyesha wengine tukakata meta 300 za mwanzo na za mwisho. Mwalimu aliongeza sharti lake mwenyewe, kwamba binti asikimbie peke yake kabla ya jua kuchomoza, sharti ambalo halimo katika programu yoyote.

Kabla ya kuondoka kwangu tulilihamisha jiwe. Tuliongeza meta 370, zile 360 zilizopungua pamoja na 10 za tahadhari, yaani mizunguko 169 ya gurudumu. Likakaa karibu na kalvati, chini ya mkwaju. Mwalimu alikwenda mwenyewe nyumbani kwa wazazi wa yule binti, amebeba daftari la hesabu, akamweleza baba yake mstari kwa mstari. Mzee alisikiliza kimya mpaka mwisho, kisha akauliza kama gurudumu la baiskeli yake yeye nalo lingetoa meta 2 na sentimeta 19. Walitoka nje kulipima.